Hamu ya Kicheko

Msusi aliamka asubuhi moja, sikio lake la kulia halisikii kitu. La kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni, basi saluni yake isiyokauka umbea ikamwia kimya kabisa. Daktari akampa vidonge vikali. Vikamvimbisha mashavu, vikamnyima usingizi, vikamtetemesha vidole hata mistari ya nywele ikaenda kombo. Hayo aliyavumilia. Kilichomtesa ni hamu ya kumsikia wifi yake, dada wa mumewe aliyesuka naye pamoja saluni, akicheka kile kicheko chake cha kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa.

Siku vidonge vilipokwisha, wifi alimfinya mashavu, akatamka polepole ili midomo isomeke:

"Wifi, kaka yangu anakulisha hamira?"

Wakaangua kicheko wote wawili. Ghafla msusi akanyamaza, akatega sikio. Kwa mbali, kama sauti ya mtu aliye nyuma ya ukuta, alisikia mkwaruzo mwembamba.

"Cheka tena," alimsihi. "Wifi yangu, cheka tena!"

Lakini wifi alikuwa ameshaanza kulia, na kilio chake msusi hakukisikia.