Koti la Jakayla

Jumapili ile kipaza sauti cha Kanisa la Nebo, mjini Macon, kilizimika katikati ya mahubiri. Jakayla Broadnax, binti wa miaka kumi na mitano, alikifungua, akaunga waya kwa karatasi ya chingamu, na mchungaji akaendelea pale pale alipokuwa amefikia na Farao. Baada ya ibada watu walishuka chini kula kambare wa kukaanga na makaroni ya jibini. Mama Odessa Tolliver, mkubwa wa wale mama wazee wanaokaa safu ya mbele kwa magauni meupe, alisukuma sahani yake mwenyewe upande wa pili wa meza.

"Daktari, njoo ule."

"Mama Tolliver, mimi si daktari."

"Nimekuuliza? Kaa, ule."

Jioni, akiwa anaoga, Jakayla aliona ukosi mweupe wa koti la daktari umeota mabegani mwake. Kufika Jumatano, siku ya kujifunza Biblia, wale mama wote walikuwa wamelishika jina hilo la Daktari, na koti lilikuwa limeshapata mikono na mfuko wa kalamu. Halikuvulika, maana lilikuwa limeota kama nywele zinavyoota. Halikuuma pia, liliwasha kidogo tu kwenye viwiko. Bibi yake, Ernestine, msusi aliyemlea tangu akiwa mchanga, alilipiga pasi likiwa mwilini na kumwonya asilifanye kitambaa cha kufutia mikono.

Shuleni ilikuwa kazi nyingine. Koti la maabara liliruhusiwa kwa wanafunzi wa kemia peke yao, na Jakayla hakuwa mmoja wao, ingawa alikuwa akiomba tangu mwaka uliopita. Alitaka kuwa mfamasia, na chuo alichokitaka hakimpokei asiyesoma kemia. Bwana Pickard, mshauri wa masomo, aliwapokea yeye na bibi yake kwa adabu sana.

"Darasa limejaa."

"Nimechungulia," alisema Jakayla. "Viti vya nyuma vyote vitupu."

"Vile ni vya akiba. Sikiliza, binti, umewahi kufikiria ususi? Una mikono mizuri."

"Ususi umenilisha miaka yote, Bwana Pickard, siutukani," alisema bibi. "Leo nimekuja kuulizia kemia."

Bwana Pickard aliahidi kulifikiria. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, alichukua mkasi wa karatasi, akalikata koti usawa wa mbavu, akaomba radhi kwa kutokata vizuri.

Ikawa ndiyo desturi. Jumatatu anakata, Jumatano wale mama wanaita, Alhamisi limeshafika magotini. Kila mara alikikunja kile kipande na kumpa binti aende nacho nyumbani. Hilo namsifu, kwa sababu wengine wangetupa.

Nyumbani Jakayla alivijaribu vile vipande. Kimoja alikimwagia siki, kingine akakipaka dawa ya bibi ya kulainishia nywele, kingine akakishika kwa koleo juu ya moto wa jiko. Hakuna kilichobadilika hata rangi.

"Bibi, hebu njoo uone. Hiki kitambaa hakishiki moto."

"Sasa unataka nikitungie wimbo?"

"Nataka tushone, tuuze."

Bibi alizima televisheni, akaenda kuitoa cherehani chini ya kitanda. Walishona makoti na maeproni, wakawauzia wasusi, wauguzi na wakaanga samaki wa mtaa mzima. Mama Tolliver aliyanadi mlangoni mwa kanisa, na aliyejifanya hakuona aliulizwa kwa sauti habari za fungu lake la kumi. Biashara iliitwa Broadnax na Bibi, na haikuchukua muda ikasimama imara.

Kabla ya Krismasi shule ilihitaji makoti mapya kwa darasa la kemia, ikaagiza kwao. Jakayla aliyapeleka mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa. Bwana Pickard alipapasa kitambaa kwa vidole viwili.

"Kazi safi hii. Kitambaa mnatoa wapi?"

"Ofisini kwako, Bwana."

Alicheka, akapokea mzigo. Makoti yalizidi wanafunzi, na yaliyobaki yakavalishwa viti vya nyuma, kila kiti lake. Jakayla aliomba nafasi tena, akiwa amesimama pale pale mlangoni. Bwana Pickard alivitazama vile viti, akasema kwa huruma kwamba sasa darasa limejaa kweli.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Jakayla alisimama.

"Darasa sijapewa," alisema. "Makoti wameyachukua, mimi wameniacha mlangoni. Lakini kabla hamjaniita hivyo, sikujua hata kama kuna mlango ninaoweza kuubisha. Asanteni, mama zangu. Asanteni sana." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha.

"Kesho unabisha tena, Daktari," alisema Mama Tolliver.

"Nabisha, Mama."

Safu nzima ya mbele ikaitikia, kila mmoja kwa sauti yake, Daktari, Daktari, na koti likashuka magotini, likapita vifundo vya miguu, likatandaa sakafuni hata akashindwa kupiga hatua. Bibi alikwenda nyuma yake, akalikusanya kwa mikono miwili, na wakashuka hivyo hivyo kwenda kula.