Peniel na Maua ya Maboga

"Kidole!" shangazi Agripina alipiga kelele, lakini Peniel alikuwa ameshakinyoosha kuelekea maboga ya baba.

Kwetu Ilongero mtoto hulijua hili kabla hajang'oa meno ya utotoni: boga changa huonyeshwa kwa ngumi. Ukilinyooshea kidole, litaoza. Peniel, mchumba wangu, alikuwa amesomea mimea chuoni, lakini alikulia mjini kwenye nyumba isiyo na hata mche wa kunde. Siku hiyo alikuja kujitambulisha akiwa na shati jipya, akaona asifie shamba. Jamani, sifa nyingine huponza.

Wiki haikuisha, maua yakaanza kudondoka. Kila asubuhi niliyafagia, ya manjano, yamesinyaa, huku shangazi akiguna nyuma yangu. Baba alisema neno moja tu: "Mwambie asirudi."

Nililia hadi macho yakavimba. Nilimpenda Peniel. Lakini tangu mama afariki nilikuwa nimebaki na baba, naye amebaki na mimi, na kuolewa bila baraka zake nisingeweza.

Siku hizi nina maboga yangu huku Mwankoko ninakoishi. Baba hayupo tena. Kila yanapochanua namkumbuka, na sitaki mtu anisemeshe.

Lakini wakati ule, licha ya katazo la baba, Peniel alirudi, kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba aliitikia kwa shida.

Peniel akaokota ua moja lililoanguka, akachuchumaa mbele ya baba.

"Hili ni dume, mzee. Halizai. Likishatoa unga wake, kazi imekwisha. Hapa kwenye kikonyo kuna mstari wa seli. Moja hupeleka ujumbe, nyingine huupokea, kisha zinayeyusha gundi iliyozishikanisha. Mmea wenyewe ndio unaoliachia ua. Na kabla halijaanguka, ngozi mpya inakuwa imeshaanza kuota pale, usibaki na kidonda."

Shangazi akainua jani. Chini yake kulikuwa na maboga mawili machanga, magumu, hayana hata doa. Akalishusha jani taratibu.

Nilimgeukia baba nikidhani atafurahi. Hata hakuyaangalia. Alikuwa amelichukua lile ua, analigeuzageuza kiganjani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo lake halikuwa maboga.

"Mmea una bahati," alisema. "Mimi, huyu binti yangu akiondoka, hiyo ngozi itaota lini?"

Peniel alifikiri. Angeweza kumdanganya, wachumba hawakosi maneno matamu.

"Hilo sijui, baba."

Kuku wakapita katikati yetu wakidonoa. Kisha baba akasema, bila kunitazama:

"Aneth, mletee mwenzio maji ya kunawa."