Ntumba za Serikali

Gari la ofisi liliposimama juu ya mgodi wa zamani wa Isunzi, Fortunata alidhani dereva amekosea njia. Mwezi wa kwanza aliacha hapa marundo mia na arobaini ya udongo wa kijivu, yamefunikwa nyasi, yamepangwa safu kwa safu mpaka karibu na kijito. Sasa ni mwisho wa Aprili, na mteremko wote ulikuwa kijani. Maharage. Tena yameanza kutoa maua.

"Dada Fortunata," alisema Evans, akizima gari, "kumbe idara yenu siku hizi inalima? Si ungetuambia tuje na magunia."

Fortunata alishuka, akajifunga vizuri kitenge mabegani, maana upepo wa Ufipa hauna adabu hata mchana, akasimama anatazama.

Kazi yake serikalini ilikuwa kusafisha mahali palipoachwa na sumu, migodi iliyokufa na maghala ya dawa zilizooza. Hapa Isunzi watu walisaga mawe na kuosha dhahabu kwa zebaki miaka sita, dhahabu ikaisha, wakaondoka. Wakaacha ule udongo uliokwisha kuoshwa, ambao wachimbaji huuita marudio. Una zebaki, una na madini ya risasi. Kila mvua iliponyesha iliuteremsha kijitoni, na kijito ndicho kisima cha kijiji.

Basi Fortunata akaajiri vibarua wa hapohapo, akawapa glavu na buti, akawaelekeza: zoeni udongo wote mbaya, wekeni marundo madogo madogo nipime moja moja, yafunikeni nyasi mvua isiyabomoe. Lori la kuuondoa litakuja baada ya wiki mbili.

Vibarua wakafanya kama mikono yao ilivyozoea. Mfipa akitaka kulima hukusanya nyasi, huzifukia kwa udongo katika tuta la duara, na tuta hilo ndiyo ntumba. Nyasi zikioza chini, juu hupandwa maharage. Mwaka wa pili ntumba husambazwa, ukapandwa ulezi. Fortunata ni mtoto wa Mazwi, mjini, lakini likizo zote za shule alizimaliza kwa bibi yake, mgongo unamuuma kwa ntumba. Aliyaona yale marundo ya duara, yamekaa sawasawa kama ya bibi, moyo wake ukafurahi. Akapiga picha, akaituma. Mkuu wake akajibu: kazi safi.

Lori halikuja wiki ya pili, wala ya sita. Juzi ndipo akaambiwa litasubiri bajeti ijayo, aende tu kupiga picha nyingine kwa ajili ya taarifa.

Mwezi ule wa kwanza, kwenye mkutano wa kijiji, aliwaonya watu wasinywe maji ya dimbwi, na watoto wasicheze shimoni. Kuhusu kupanda hakusema neno. Halikumjia kichwani.

Katikati ya safu aliinuka mama mmoja mwenye jembe, rozari shingoni, sketi imechafuka magotini. Alikuwa Mama Rosina, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyo jirani na mgodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kukagua shamba lako?" Mama Rosina alicheka. "Tulikungoja sana. Nikasema, huyu mtoto wa watu anaachaje ntumba nzuri hivi zinakaa bure? Serikali ina jembe, haina mbegu. Wiki ya Jumatano ya Majivu nikapanda. Nusu ni yako, usiwe na wasiwasi. Na safu ile ya chini nimeitolea kanisa."

"Mama, ulikuwa hujui udongo huu tuliuzoa kwa sababu gani?"

"Nilijua mnasafisha. Nikajua huu ndio mliokwisha kuusafisha."

Fortunata alikaa chini kwenye nyasi. Akamweleza, polepole, bila maneno ya ofisini. Kwamba zebaki haionekani wala hainuki. Kwamba mmea unaota juu yake mzuri tu, huku umeibeba. Mama Rosina alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Lakini hamjavuna," alisema Fortunata. "Hilo ndilo kubwa. Hamjavuna bado."

"Maharage ya mwezi wa sita yavunwe Aprili? Kweli wewe umekulia mjini."

Fortunata akapiga ishara ya msalaba. Tangu ateremke garini ndiyo kwanza alipumua. "Basi tutayang'oa, mama. Leo hii. Evans naye atasaidia."

"Yote?"

"Yote."

"Na ya kanisa?"

"Na ya kanisa."

"Haya," alisema Mama Rosina. Hakubishana. Aliinama akang'oa shina la kwanza, akalikung'uta udongo, akalilaza chini taratibu kama mtu anayelaza kuku mgonjwa. Akang'oa la pili. La tatu akalishika mkononi, hakulilaza.

"Na majani?"

"Majani gani, mama?"

"Ya mboga. Majani si tumechuma? Tangu yalipokuwa machanga mpaka leo. Kwaresima yote iliyobaki tumefunga kwa mboga hizi, mimi na mkwe wangu Lydia. Mume wake yuko Kabwe, ziwani, kwenye dagaa, na Lydia ana mimba ya miezi sita, dagaa akisikia harufu tu anatapika. Majani haya nikiyaunga karanga, anakula mpaka anaomba tena. Kila jioni nilikuwa namshukuru Mungu kwamba anakula."

Fortunata alianza kuhesabu wiki kwa vidole.

"Nayachemsha sana," alisema Mama Rosina. "Na nayaosha maji mawili."

"Haitoki kwa moto, mama. Wala kwa maji."

Mama Rosina alitazama lile shina mkononi. Kisha akalitupa. "Twende nyumbani. Utamwambia wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nampakulia."

Lydia alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, anakoroga sufuria ya majani yaleyale. Alipomwona mgeni alitaka kuinuka, wakamzuia. "Shikamoo dada. Karibu, chakula kinaiva." Harufu ya karanga ilijaa chumba.

Fortunata alimwambia. Lydia aliendelea kukoroga mpaka maneno yalipoisha, ndipo akaacha.

"Mtoto atakuwaje?"

"Pengine hatakuwa na kitu. Pengine atachelewa kutembea, au akili yake itachelewa. Nitakupeleka hospitali leo, watatoa damu ipelekwe kupimwa."

"Majibu yatarudi lini?"

Nywele za vibarua, ambazo huonyesha zebaki iliyoingia mwilini, alizituma kupimwa mwezi wa kwanza, na mpaka leo hakuna aliyemjibu. "Sijui, Lydia."

"Na yakirudi mabaya, mtanifanyia nini?"

Nje Evans alikuwa akipiga mluzi. Mama Rosina alisimama mlangoni, rozari mkononi, midomo haisogei.

Lydia aliipua sufuria kwa matambara mawili, akatoka nayo uani, tumbo mbele, kuku wakimfuata. Alisimama. Alitazama bustani ya vitunguu, akaiacha. Akatazama mfereji unaoshuka kijitoni, akauacha. Shimo la choo lilikuwa hatua chache tu kutoka pale wanapochota maji. Akageuka na sufuria yake inayofuka moshi.

"Dada, wewe ndiye mwenye kazi hii. Niambie basi nimwage wapi."

Fortunata alitazama uwanda wote kuanzia kwenye mikaratusi mpaka mgodini, asione mahali pa kumwaga. Akainyoosha mikono, akaipokea sufuria, wakabaki wamesimama hivyo.