Upande wa Pili wa Santuri

Aliyemwuzia Bushiri ile gramafoni simsamehe mpaka leo. Hoteli ya chai ya Bushiri ilitazamana na ofisi ya mchungaji wetu pale Mbeya, na tangu saa mbili asubuhi ilikuwa inaimba. Aliyekuwa anaimba ni mimi.

"Alinanuswe, nitakufuata Mafinga hata kwa miguu, nilale kwenye vumbi la mbao zako..."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, wa pili kwenye foleni, nikitamani ardhi ipasuke. Kanisani kwetu, wiki ya kabla ya Meza ya Bwana, kila mtu huingia kwa mchungaji peke yake, mlango ukafungwa, akaulizwa habari za moyo wake. Mchungaji akiridhika, anakuandika daftarini. Asipokuandika umetengwa: huna Meza, huna ndoa ya kanisani. Na ndoa yangu na Alinanuswe, aliyekuwa akipasua mbao Mafinga, ilikuwa itangazwe Jumapili ile ile. Mwaka uliopita, 1955, mwenzetu wa kwaya alitengwa kwa kucheza dansi mara moja tu. Mimi nilikuwa nimeiimba hiyo dansi yenyewe, tena nikamtaja mwanamume kwa jina.

"Atuganile," mama, aliyekaa nyuma yangu kwenye foleni, akaninong'oneza, "usimjibu mchungaji kama unavyonijibu mimi. Sema Ezekia alikulazimisha."

"Hakunilazimisha, mama."

"Basi sema ulikuwa na homa."

Ezekia ni binamu yangu, ndiye aliyepiga gita. Wenye mashine ya kurekodi walikuwa wamefika Iringa kwa siku mbili, tukapanda basi tukawafuata. Nilikuwa na wimbo mmoja tu, huo wa Alinanuswe. Niliutunga miezi mitatu, nikipalilia mahindi, nikichota maji. Niliuimba macho nimeyafumba, na nilipomaliza nilikuta shingo imelowa machozi.

"Na upande wa pili?" yule bwana wa mashine akauliza. Hatukuwa na upande wa pili. "Santuri ina pande mbili, dada. Fanya haraka."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikatunga wimbo wa sala kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Bwana nishike mkono, giza limeingia, njia siioni. Maneno ya namna hiyo nimeyaimba tangu sijaota meno, yanajipanga yenyewe. Niliuimba huku nikiwaza kama tutaliwahi basi la kurudi.

Mlango ukafunguliwa, aliyenitangulia akatoka, nikaitwa. Mchungaji Sedekia alikuwa amekonda tangu mkewe afariki wakati wa masika, koti linamning'inia.

"Huyo ni wewe," akasema, akielekeza kidevu dirishani.

"Ni mimi, Baba Mchungaji."

"Na huyo wa Mafinga ndiye mchumba wako?"

"Ndiye."

"Kumwimbia mchumba si kosa. Wazee wa kanisa niachie mimi."

Nusura nicheke kwa furaha. Lakini kalamu hakuishika.

"Ule wa upande wa pili," akasema polepole, "Bushiri huniwekea jioni nikipita. Tangu tumzike mke wangu, binti yangu, nabatiza, nazika, naongoza ibada. Ila mimi mwenyewe sijaweza kusali. Nikifungua kinywa hakitoki kitu. Nimeusikia wimbo wako, nikasema, huyu mtoto anajua njia. Uniombee."

Akapiga magoti pale pale sakafuni, mzee mzima, akafumba macho.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Mtu wa kunihukumu nilikuwa nimejiandaa kumkabili. Huyu alikuwa ananitegemea. Nikapiga magoti. Sala za kukariri ninazo tele, ningeweza kumtolea yoyote, akaridhika, nikaolewa. Ulimi ukakataa. Ng'ambo ya barabara santuri ilikuwa imekwisha, sindano inakwaruza, na mzee bado anasubiri.

"Mungu," nikasema, na sauti haikuwa ya kwaya hata kidogo, "ule wimbo niliuimba nikiwaza basi la kurudi. Nilikuwa najaza santuri. Mimi sikujui kama mzee huyu anavyodhani. Lakini yeye anakungoja tangu masika, na amechoka. Njoo kwake. Tafadhali."

Amina ilinishinda. Nilijiambia, kwaheri ndoa, na mama ataniua. Mchungaji hakuinuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika, sikujua ni hasira au ni kilio, na kumtazama usoni sikuthubutu.

Hatimaye akashika ukingo wa meza, akasimama kwa shida, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Akafungua daftari, akaliandika jina langu, herufi moja moja.

"Leo umesali," akasema. "Mwambie mama yako aingie."