Ni Vitamini Tu

Wenzake wa mnadani walimbatiza Spika, na hawakukosea. Dalali yule angeweza kukuuzia kabati lako mwenyewe na ukaondoka unamshukuru. Saratani nayo, kwa ukorofi wake, iliacha mwili mzima ikaenda kukaa kwenye ulimi.

Dada yake mkubwa, muuzaji wa duka la dawa, ndiye aliyemhamishia kwake. Walimpasua, uvimbe ukarudi. Mionzi nayo ikagonga mwamba. Ikabaki dawa moja ya majaribio: uvimbe ukipungua wangeendelea nayo, usipopungua hakuna kingine. Dada akajikaza kisabuni. Alimfulia, alimsagia chakula, alimgombeza alipokataa kula. Mdomo ulipochubuka ukajaa vidonda, akafanya alichowashauri wateja wake miaka nenda miaka rudi: alitoboa kidonge laini cha vitamini E kwa sindano, akampaka mafuta yake ulimini, na vingine akammezesha. Asubuhi na jioni hakukosa. Spika alikuwa akifumba macho kwa raha.

"Dada," alimwambia siku moja, maneno yakitoka kwa shida, "ungekuwa bidhaa nisingekuuza."

"Nyamaza. Ungeshaniuza zamani."

Siku ya majibu, daktari alibandika picha mbili kwenye ubao wa taa. Hata asiyejua kusoma angeona kwamba doa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

"Sielewi," daktari alisema. "Tulipojaribu seli za uvimbe wake maabara, dawa iliziua vizuri. Seli hizi zina uchu wa madini ya chuma, zinayarundika tu. Dawa inazivua kinga, halafu chuma hicho kinaharibu mafuta ya kuta zake, kama mafuta ya kula yanavyochacha, mpaka zinapasuka. Safari hii kuna kitu kinayalinda hayo mafuta. Anatumia dawa nyingine?"

Spika akatikisa kichwa. Kazi ya vitamini E dada mtu aliijua kwa moyo: huzuia mafuta kuharibika.

"Vitamini E," alisema. "Nampa mimi."

Daktari akavua miwani. "Si tuliwaambia asitumie dawa yoyote bila kutuuliza?"

"Mlisema dawa. Hii ni vitamini tu."

Ndivyo alivyozoea kuwaambia watu pale kaunta, na hakuwahi kumdanganya mtu. Mwenye moyo wa kumlaumu na amlaumu. Yeye alikuwa ameshaanza.

"Tukiacha leo, mkaanza upya?"

"Uvimbe umeshafika kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Mwili wake hauwezi tena, dada yangu. Leo tunamtoa kwenye dawa."

"Na kama nisingempa?"

"Huenda angepata nafuu. Huenda ingekuwa hivi hivi. Mimi sitajua, na wewe hutajua."

Afadhali angeambiwa moja kwa moja kwamba amemuua. Angalau angekuwa na jambo la kuombea msamaha.

Walipofika nyumbani dada alikwenda moja kwa moja kabatini, akakumbatia vichupa vyote vya vitamini, akaelekea jaani. Spika akamdaka mkono mlangoni. Hapo ndipo machozi yalipomshinda.

"Nimekumaliza, mdogo wangu. Kwa mkono wangu huu huu."

Kila neno sasa lilikuwa linamgharimu Spika, na yeye hakuwahi kuhesabu maneno.

"Dawa yao wameshaniachisha, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna tena cha kuharibu."

Akakaa kitandani, akaegemea ukuta, akafungua mdomo.

"Nipake, dada. Inauma."

Dada akatafuta sindano. Mafuta ya kidonge cha kwanza yakammwagikia Spika kidevuni. Akamfuta, akatoboa kingine.