Mpaka Uliomfuata Anfinn Nyumbani

Gudlaug Skorve hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakuona haya kusema hivyo. Jumapili, sala ilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, yeye alifunga mdomo na kutazama dirishani.

Mkosaji wake alikuwa jirani yake, Anfinn Tveito. Serikali ilipotaka halmashauri ndogo ziunganishwe, Anfinn ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bonde lao la Skorvedal. Akawaapia watu kwamba wakikubali kuungana na Storneset, kule kwenye fiodi, ghuba nyembamba ya bahari, shule yao haitaguswa. Wakakubali. Storneset wakampa uenyekiti wa halmashauri mpya, na haukupita muda nyundo yake ikagonga meza, shule ikafungwa, watoto wakapelekwa bweni ng'ambo ya mlima.

Eilev, mume wa Gudlaug, ndiye aliyekuwa mwalimu pale. Aliendelea kwenda kila asubuhi kuwasha jiko katika darasa tupu, hadi siku alipokutwa ameanguka kando ya kuni. Daktari alisema ni moyo. Gudlaug alisema ni Anfinn.

Mvumilivu hula mbivu. Gudlaug akagombea udiwani, akaupata, akasubiri.

Watu wa ukingo wa magharibi wa mto Grøna walikuwa wamechoshwa na theluji inayozolewa barabarani kwao mwisho kabisa. Wakaomba wahamishiwe Lauvlia, halmashauri iliyo nyuma yao, na Gudlaug akalipeleka ombi lao barazani. Anfinn alifurahi kupita kiasi. Watu wale walikuwa mwiba: kikao hakiishi bila kelele zao.

"Haya, mpaka upite wapi?" akauliza.

"Katikati ya mto," Gudlaug akajibu, macho kwenye soksi aliyokuwa akifuma. "Mipaka yetu siku zote inafuata maji."

Diwani mmoja akachokoza, "Na wewe mwenyekiti? Si unalala ng'ambo hiyo hiyo?"

Anfinn akacheka. "Wee! Tveito ni shamba la mashariki tangu Yesu hajafika huku. Poromoko la theluji lilimfanya baba ahamishie nyumba tu magharibi, halikuihamisha Tveito."

Madiwani wakaitikia kwa vichwa. Katika bonde lile mtu ni shamba lake, na shamba ni ardhi yake. Nyumba ni mbao tu. Lakini sheria haijui mashamba. Inauliza mtu analala wapi. Gudlaug alilijua hilo, na nyundo ilipogonga alisikia utamu hadi kwenye fizi.

Wizara ikaidhinisha. Mwaka mpya ukaingia, na katika kikao cha kwanza katibu akakohoa.

"Samahani, mzee Anfinn. Hapo huwezi kukaa tena. Wewe si mkazi wa Storneset."

"Una wazimu? Sijahama hata hatua moja!"

"Wewe hujahama. Mpaka ndio umehama."

Ukumbi ukacheka, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Anfinn akamkabidhi makamu wake nyundo huku shingo imemwiva. Gudlaug naye, mkazi wa ukingo ule ule wa magharibi, alikuwa amepoteza udiwani kwa mpaka huo, na hakujali. Alikuwa kwenye viti vya wasikilizaji na chupa yake ya kahawa, akinywa polepole, na moyo wake ulikuwa mweupe kama haujawahi kuchukia mtu.

Anfinn akamkuta nje kwenye ngazi.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Jirani! Miaka yote hii? Mimi niliyekuletea keki kwenye matanga ya Eilev?"

"Nguruwe waliipenda."

Anfinn akajifunga skafu. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi, na Gudlaug alimtazama vizuri ili asisahau.

"Na shule umeipata, basi?" akafoka. "Shule hairudi, Gudlaug!"

"Hairudi," akakubali, akimimina kahawa iliyobaki juu ya theluji. "Wala wewe hurudi."