Barua Aliyoipokea Muteti

Tangazo la mnada lilibandikwa getini mchana kweupe, na Kathini akalisoma akiwa amekumbatia beseni la nguo. Nyumba yao ya Kitengela, waliyoijenga kwa miaka kumi na mmoja, ingeuzwa baada ya wiki mbili. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe, Muteti, alikuwa akificha barua za benki.

"Niliogopa presha yako, Mama Mbuvi," Muteti akasema, macho chini.

"Na hii ya getini si presha?"

Alitaka kumnunia wiki nzima. Lakini mtu huyu, aliyekopa anunue boza, lori la tangi la kuuza maji, na injini ikafa, alikuwa amekonda hadi kola ya shati inampwaya. Akampikia muthokoi kwanza, akamkemea alipokwisha kushiba.

Kesho yake wakaenda Kajiado kwa wakili. Mlangoni Muteti akamvuta mkewe kando. "Ukiulizwa ile sahihi ya kukubali rehani, sema si yako. Sema niliiandika mimi. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kama bibi hajakubali. Nimeuliza."

"Na wewe je?"

"Mimi watanifunga kidogo tu."

Kidogo tu! Kathini alimtazama mzee huyu mjinga, akampenda zaidi.

Wakili, binti mchangamfu aitwaye Ciku, aliwaeleza polepole. Wangeweza kuiomba benki ipange upya malipo. Wangeweza kutafuta mnunuzi wenyewe kabla ya mnada, wapate bei ya haki. Na kama benki iliruka sheria, korti ingeweza kusimamisha mnada. Kisha akasukuma karatasi mezani.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

Muteti akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Ni yangu," Kathini akasema. "Nilisign mwenyewe, na nilikuwa nimevaa nguo ya kanisa. Huyu mzee hajadanganya mtu."

Muteti akafunika uso kwa kofia.

"Sawa," Ciku akasema. "Na notisi ya siku arobaini, ya kuuza nyumba? Bibi pia lazima apewe yake. Yako iko wapi?"

"Mimi sijapewa kitu."

Muteti akatoa bahasha kwenye koti, imekunjwa mara nne. "Mtu wa benki alileta mbili, yangu na yake. Nikamwambia Mama ameenda soko. Nikasign zote mbili, jina langu."

Ciku akaichukua kama mtu aliyepewa yai. "Mzee, ulikosea. Lakini na wao walikosea kukuachia. Hapo niko na kitu cha kupeleka kortini. Siwaahidi nyumba. Naomba muda tu."

Korti ikasimamisha mnada hadi Kathini apewe notisi yake. Safari hii aliipokea mwenyewe, akatia sahihi, akaisomea familia nzima iliyokuwa nyumbani, yaani Muteti. Wakapangisha nyumba kubwa, wakahamia vyumba viwili vya mabati nyuma ya kiwanja hicho hicho, pale walipoanzia ndoa. Wakaiandikia benki, wakiomba walipe kwa kodi ya wapangaji.

Jibu lilifikia sanduku la posta la kanisa. Muteti aliitembeza bahasha ile juani hadi nyumbani, jasho likimtiririka, bila kuifungua.

"Fungua wewe," akasema, akimpa kwa mikono miwili.

Kathini akasoma hadi mwisho. Benki ilikuwa imekubali. Akafuta macho kwa leso, akavuta kigoda.

"Keti kwanza, Baba Mbuvi," akasema. "Naogopa presha yako."